Mbwa Aliyetengwa na Kijiji

Vijana wangu wa Maliasili, siku ile ya kuniaga nilipostaafu mlinipa godoro, saa ya ukutani, na nafasi ya kusema maneno machache. Godoro nalilalia, saa imeshakwama, na maneno sikuyasema kwa sababu mshereheshaji alikuwa na haraka ya kufungua muziki. Basi nayaandika. Habari za vyeo nawaachia, maana vyangu vilipanda kwa kujikongoja na hakuna cha kujifunza humo. Nitawaeleza nilivyofundishwa kuwinda nguruwe pori kwa mbwa mmoja, na jinsi mbwa huyo alivyoshtakiwa, akahukumiwa na kutengwa na kijiji kizima. Najua mtasema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Someni kwanza.

Niliripoti Misungwi mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijana wa Kihaya mwenye cheti kipya na viatu vipya vya ngozi, nimeshuka meli ya Bukoba asubuhi hiyo hiyo. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kupima nyayo za tembo. Misungwi hapakuwa na tembo. Palikuwa na nguruwe pori waliokuwa wakifukua viazi vitamu kabla wenyewe hawajavichimba, na ofisini palikuwa na Land Rover iliyokaa juu ya mawe, kuku wa mlinzi wakitagia kwenye kiti cha dereva. Ndizo zile zama za soko huria. Madukani mjini Mwanza kulikuwa na kila kitu, na serikalini kila kitu kilikuwa kinapunguzwa, kuanzia mafuta mpaka watu. Mkuu wangu alinikabidhi bunduki moja na risasi za kuhesabika kwa vidole, akaniambia kifaa kilichobaki kiko kijijini, jirani na kivuko cha Kigongo, kwa Mzee Lugwisha. Nikauliza ni kifaa gani. Akajibu bila kuinua macho, "Mbwa."

Mzee Lugwisha alikuwa askari wa wanyamapori wa siku nyingi, naye alikuwa amepunguzwa kazini mwaka uliotangulia. Tatizo ni kwamba nguruwe hawakupewa taarifa. Waliendelea kuja, na watu waliendelea kumwita, naye akaendelea kwenda kazini kana kwamba hakuna aliyemwambia kitu. Nilimkuta ameketi mlangoni anachonga mpini. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaviangalia viatu vyangu kwa muda mrefu, kisha akamwita mbwa aje naye aviangalie.

Mbwa mwenyewe aliitwa Mtumba. Alikuwa koko wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika, na ngozi ilimzidi mwili, ikamning'inia shingoni na makalioni kama koti lililoshonewa mtu mwingine. Mzee alisema alipomwona tu sokoni alijua kuwa ile ngozi ilishavaliwa na mbwa mwingine kabla yake, ndiyo maana akampa jina hilo. Hakuwa na mbio wala meno ya maana, na hakuwa jasiri. Mzee alinihakikishia kuwa hizo zote ndizo sifa zake.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo somo lenyewe. Ukienda porini na kundi la mbwa, nguruwe ana mambo mawili tu: atakimbia, au atawapasua matumbo. Ukienda na mbwa mmoja, tena mdogo, tena asiyeuma, nguruwe anaona aibu kumkimbia. Anageuka, anaegemeza makalio kwenye jiwe au kichaka, anamkabili. Mbwa anasimama mbele yake kwa mbali kidogo na kubweka. Nguruwe akimvamia, mbwa anaruka pembeni. Nguruwe akitaka kuondoka, anamfuata nyuma na kumtukana mpaka ageuke tena. Kinachomshikilia mnyama mkubwa namna ile mahali pamoja ni ubishi tu. Mwindaji anakwenda polepole, upepo ukimjia usoni, hakohoi, havunji kijiti, mpaka afike apige. Nguruwe akisikia binadamu, ubishi wote unamtoka na hutamwona tena wiki hiyo.

Mzee alinifundisha pia kusikiliza. Mtumba akibweka kwa sauti nzito, kwa vituo, nguruwe amesimama. Akibweka kwa sauti nyembamba ya haraka haraka, nguruwe anakimbia. Akinyamaza ghafla, anza kukimbia wewe. Vile viatu vya ngozi aliviondoa mwenyewe siku ya kwanza, akaniazima ndala za matairi, akisema viatu vyangu vinalia kama mlango wa kanisa. Alikuwa akiniita Mhaya tu, na mimi sikujali, kwa sababu alikuwa akilitamka kwa upendo, isipokuwa asubuhi.

Hiyo ndiyo mbinu. Haikuwa na kasoro yoyote, ila moja: inahitaji ukimya, nasi tulikuwa Usukumani.

Kwa mliokulia mjini, niwaeleze. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umewatesa watu wa kule, wakaunda sungusungu, ulinzi wao wa jadi, na sungusungu walikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Yowe likipigwa, wenyewe wanaita mwano, kila anayelisikia lazima alipige tena kwa sauti yake yote ili na wa mbele asikie, kisha achukue silaha akimbie kuelekea lilikotoka. Asiyekwenda anatozwa faini. Kamanda wao pale kijijini alikuwa Mzee Maduhu, rika moja na Lugwisha, mtu mrefu, mkavu, asiyecheka hata na watoto. Siku yangu ya kwanza ya kuwinda, Mtumba alimsimamisha nguruwe karibu na shamba la mjane mmoja aitwaye Mama Kulwa. Mama Kulwa akasikia mbwa akibweka kichakani bila kukoma. Akafikiri ni wezi wa ng'ombe, akapiga yowe.

Sisi tulikuwa tunanyatia kwa magoti. Nikasikia yowe la pili, la tatu, kisha nikasikia kishindo. Walikuja wanaume na mikuki, wanawake na mikongojo, akaja fundi baiskeli na spoku mkononi, wakaja na waliokuwa msibani, pamoja na mfiwa. Nguruwe aliondoka. Watu walisimama katikati ya viazi vya Mama Kulwa, wanahema, wanauliza adui yuko wapi. Nguruwe asingeweza kuharibu shamba lile namna ile hata angepewa mwezi mzima na jembe.

Ikatokea tena, na tena. Mzee Lugwisha alikwenda kwa Maduhu kumwomba atangaze kwamba Mtumba akibweka watu wakae majumbani. Maduhu alisema sheria ya mwano haina kipengele cha mbwa. Siku wezi wakijua kuna sauti ambayo kijiji hakiitikii, alisema, watakuja na sauti hiyo hiyo. Mimi, na cheti changu, nikajikuta naitikia kwa kichwa.

Mwishowe Mama Kulwa alishtaki. Viazi vile ndivyo vilikuwa michembe yake, viazi vya kukausha, ya mwaka mzima, na alitaka kujua nani atamlipa. Baraza la sungusungu likakaa, nami nikahudhuria kwa niaba ya Serikali. Wakaanza kutafuta nani alianzisha yowe bila sababu. Wa mwisho akasema alilipokea kwa jirani yake, jirani akamtaja jirani, wakarudi nyuma nyumba kwa nyumba mpaka wakafika kwa Mama Kulwa mwenyewe. Mama Kulwa akasema yeye pia alilipokea, kutoka kwa mbwa. Wazee wakaangaliana. Kwa utaratibu, lilikuwa jibu halali kabisa.

Lugwisha akasimama kumtetea. Akasema Mtumba hakudanganya, nguruwe alikuwepo, alikimbia kwa sababu watu walikuja.

"Tulikuja kwa sababu aliita," Maduhu akasema. "Kama hakututaka, aliitia nini?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitazama chini nikajifanya natoa mwiba. Mtumba aliitwa jina mara tatu ajitetee, kama sheria inavyotaka, naye mara ya tatu akaja, akajilaza miguuni pa kamanda na kujikuna. Hilo lilichukuliwa kuwa ni dharau. Faini ya yowe la uongo ilikuwa ng'ombe dume, na mbwa hana ng'ombe, kwa hiyo wakampa adhabu ya asiyelipa. Akatengwa. Asisalimiwe, asipewe moto wala maji, asialikwe, na akiita asiitikiwe. Kisha Maduhu akamgeukia Lugwisha akamwambia jambo ambalo sikulitarajia: anayeishi na aliyetengwa, naye ametengwa. Amfukuze mbwa, au aingie naye.

Mzee Lugwisha alimtazama mbwa wake. Alikuwa ameshapoteza kazi, na watoto wake wote walikuwa wamehamia Nyakato, mjini Mwanza, kutafuta vibarua. Akasema, "Mimi nimewahi kupunguzwa na wakubwa kuliko ninyi." Akamwita mbwa, wakaondoka.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka kuwa kichekesho, na nitawaeleza kwa nini sikukicheka mpaka mwisho. Tulipokwenda kuwinda mara iliyofuata, Mtumba akamsimamisha nguruwe, akabweka, na kijiji kizima kikanyamaza kwa sababu ilikuwa marufuku kumsikia. Nilimwona Mama Kulwa kwa mbali shambani, ameinua kichwa, kisha akakumbuka, akainamisha kichwa akaendelea kulima kwa bidii kuliko kawaida. Tukanyatia kwa raha zetu, tukapiga. Tukapiga na wiki iliyofuata. Mbinu ya mbwa mmoja, niliyokuwa nimeanza kuidharau, ilifanya kazi vizuri mno. Viazi vikapona. Watu wakaanza kusema mwaka ule nguruwe wamehama wenyewe, labda ni upepo wa ziwa.

Nyama ilikuwa mtihani, kwani hairuhusiwi kupokea kitu kwa aliyetengwa. Basi Mzee alikuwa akiiacha njiani juu ya majani, na watu walikuwa wakipita na kuiokota kwa mshangao mkubwa. Mimi baraza lilinijadili, likaamua niachwe, kwa hoja kwamba Mhaya hata ukimtenga ataendelea kuongea. Nikawa ndiyo posta ya kijiji. Maduhu alikuwa akija pale mlangoni kwa Mzee, Lugwisha ameketi hapo hapo, na kuniambia kwa jina la kazi yangu, "Bwana Nyama, ukimwona mtu fulani, mwambie ng'ombe wake wameingia kwenye jaruba langu la mpunga." Lugwisha naye anajibu huku anachonga, "Bwana Nyama, ukikutana na mtu fulani, mwambie jaruba lake halina ua." Walikuwa wametengana hatua mbili.

Kisha jirani wa Lugwisha alifariki, mtu waliyekua pamoja na kuchunga pamoja. Hakuna aliyekuja kumpa habari. Alisikia vilio kama wote tulivyosikia. Akavaa shati lake jeupe, akaenda, akasimama kwenye foleni ya wanaume wanaopokezana jembe kaburini. Jembe likaja mpaka kwa mtu aliyekuwa kabla yake, likamruka, likapewa aliyekuwa baada yake. Likazunguka tena, likamruka tena. Alisimama pale mpaka kaburi likafunikwa, mikono imening'inia. Njiani kurudi alinitania kuhusu Wahaya na senene kama kawaida, lakini sauti haikuwa yake. Nilimwambia amwache yule mbwa, mimi nitamchukua ofisini. Akanijibu kwamba Mtumba aliita kwa kuwa yeye alimfundisha kuita, na mtu hafundishi kiumbe kazi halafu akamkana siku kazi imeleta taabu. Sikumshauri tena.

Basi ikafika asubuhi ninayotaka kuisimulia. Kulikuwa na dume moja kubwa lililokuwa likilala kwenye matete karibu na maji, mahali penye majabali. Mtumba alilisimamisha mapema, likaegemea jabali. Matete yalikuwa marefu, huoni mbele ya pua yako. Tulipotokeza tulikuwa karibu mno. Nikapiga, risasi ikalipata begani, nalo halikuanguka, lilikuja. Lilimpitia Mzee pajani kwa jino, akaenda chini, mimi bunduki ikanitoka, ikaruka majini. Lingerudi kummaliza. Lakini Mtumba, yule asiye jasiri, alilisogelea kuliko siku zote na kulitukana namna ambayo hakuna nguruwe angeweza kuvumilia. Likageuka, likaegemeza makalio kwenye jabali, likamkabili.

Sasa fikirieni hali yetu. Damu inatoka, nimeibana kwa shati langu na magoti yangu yote mawili. Nguruwe yuko karibu, anashikiliwa na ubishi peke yake. Nikipiga kelele kuomba msaada, huyu aliyejeruhiwa hatakimbia kama wengine, atamwacha mbwa atugeukie sisi. Nikiliachia paja nikakimbilia kijijini, Mzee atakwisha. Sauti pekee iliyoruhusiwa mahali pale ilikuwa ya mbwa, na hiyo kijiji kilikuwa kimeapa kutoisikia. Mzee alilijua hilo kabla yangu. Midomo ilikuwa imempauka, akaninong'oneza nisijisumbue, hawatakuja, na wala nisiwalaumu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini, kabla na baada.

Mtumba akabweka. Kwa sauti nzito, kwa vituo. Akabweka mpaka sauti ikaanza kukauka.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba kwa miezi yote ile ya kutomsikia, kijiji kilikuwa kimemsikiliza kila siku. Walijua mpangilio wake kama wanavyojua kengele ya shule: mbwa anabweka, bunduki inalia, mbwa ananyamaza. Asubuhi ile mbwa alibweka, bunduki ikalia, na mbwa hakunyamaza. Hakuna aliyepiga yowe, maana ilikuwa marufuku. Nyumba kwa nyumba, kila mtu akakumbuka shughuli fulani ya kwenda kufanya ziwani.

Wa kwanza kutokeza alikuwa Mama Kulwa na jembe lake. Akatazama juu, akasema kwa sauti ya chini, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba anatafuta mbuzi. Mama Kulwa hakuwa na mbuzi. Nyuma yake akaja fundi baiskeli, amekuja kuangalia kama matete yamekomaa ya kuezekea. Wakaja wengine, mmoja mmoja, kimya kabisa, wote na mikuki, wote wanatafuta kuni. Katika miaka yangu yote sijaona watu wanaonyatia vizuri namna ile. Maduhu alikuja wa mwisho. Alisema amekuja kukagua mipaka. Akapita nyuma ya jabali, na mkuki wake mmoja ukatosha.

Wakaleta kitanda cha kamba, wakampakia Mzee, wakambeba kuelekea barabarani. Marufuku ilikuwa bado ipo, kwa hiyo hakuna aliyemsemesha. "Mzigo huu tuushike vizuri upande wa kushoto," mmoja akasema. Mwingine akasema mzigo unatoka damu, tukaze mwendo. Lugwisha akiwa kitandani akaniomba niwaambie wabebaji kwamba mzigo una kiu. Wakakaa wakajadili, kisha Mama Kulwa akaweka kibuyu chini, akageuka kutazama upande mwingine, na mimi nikakiokota kwa mshangao mkubwa.

Gari lililokuwa barabarani lilikuwa la kukusanya sangara kwa ajili ya viwanda vya mjini, limejaa samaki na barafu. Dereva alikataa, akasema barafu inayeyuka na mali ni ya kusafirishwa Ulaya. Maduhu akamtazama tu, na watu wenye mikuki nao wakamtazama, akafungua nyuma. Tukamlaza Mzee juu ya sangara, Mtumba akarukia ubavuni mwake bila kuomba ruhusa. Nawaambia mapema msije mkahangaika: alipona, akachechemea maisha yake yote, na daktari alisema ile barafu ilimsaidia. Lakini pale barabarani hakuna aliyejua hayo. Alikuwa na rangi ya majivu kama mbwa wake, na dereva alikuwa ameshawasha gari.

Maduhu alikuwa ameshika ubao wa nyuma ya gari. Hakuuachia. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye, maana sheria ilikuwa yake, na wa kwanza kuivunja ndiye atakayelipa ng'ombe dume. Alikohoa. Akavua kofia.

"Mwangaluka, Lugwisha," akasema, salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

Mzee alifumba macho. Machozi yakamtoka hadharani, mbele ya wanawake na samaki. Akaitika. Halafu akamuuliza Maduhu habari za asubuhi, akamuuliza habari za mke, za watoto, za ng'ombe, za majaruba, moja moja, bila kuruka, kama inavyotakiwa baina ya watu waliopoteana, na Maduhu akamjibu zote. Alipomaliza, akasogea Mama Kulwa. Nyuma yake akasogea fundi baiskeli. Nikageuka nikaona kijiji kizima kimejipanga mstari barabarani, na kila mmoja anasubiri zamu yake. Dereva akapiga honi. Mimi nikapiga kelele kwamba mtu huyu anatokwa damu, gari liondoke, salamu zitakuja hospitali.

Mzee Lugwisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama wale sangara.

"Mwambie dereva angoje, Mhaya," akasema. "Hao bado hawajanisalimia."